Ganuni iliyogoma kuingia kwenye flashi: kisa cha kaseti sita na ikwalaiza ya kompyuta

Kisa kinahusu kaseti sita za dakika 90, taarab iliyopigwa kwenye harusi za familia moja huko Tanga. Pande zote 12 zimeshaingizwa kwenye kompyuta kwa waya kutoka kwenye deki, kila upande faili moja la WAV, yaani sauti isiyobanwa, la 44,100 Hz, 16-bit, stereo. Kazi hiyo ilifanywa vizuri: kilele cha juu kabisa kiliachwa kwenye -1 dB, chini kidogo tu ya paa, yaani kiwango cha mwisho ambacho faili linaweza kubeba. Lakini kaseti ni kaseti. Chini kuna mvumo wa umeme, juu kuna mchirizo wa utepe, na mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya pazia.

Mwenye kanda akafungua mafaili kwenye foobar2000, programu ya kuchezea muziki, akaongeza ikwalaiza ya programu yenyewe, ile yenye mikanda 18 (visehemu vya sauti kuanzia nzito hadi nyembamba, kila kimoja kikipandishwa au kushushwa peke yake), akaichezea mpaka ganuni ikaanza kusikika kamba kwa kamba. Mipangilio aliyoishia nayo ni ya mtu mwenye sikio. Mkanda wa 55 Hz umeshushwa 8 dB na wa 110 Hz umeshushwa 3, kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz na mvumo wake huanzia hapo. Mkanda wa 2.5 kHz umepandishwa 4 dB, wa 3.5 kHz umepandishwa 6, wa 5 kHz umepandishwa 4. Humo ndimo zinamokaa konsonanti, na bila konsonanti maneno ya taarab hayaeleweki. Juu, 10 kHz imeshushwa 5, 14 kHz imeshushwa 10, na 20 kHz imeshushwa 12 ili kupunguza mchirizo. Mikanda mingine ameiacha kwenye sifuri.

Akanakili mafaili kwenye flashi, akaichomeka kwenye sabufa ya sebuleni. Pazia lile lile. Akarudi kwenye kompyuta, akayageuza yote kuwa MP3 kwa programu ile ile aliyokuwa akisikilizia. Hakuna kilichobadilika. Mara ya tatu akagundua kwamba kigeuzi kina sehemu yake ya madoido, yaani vibadilisha sauti kama ikwalaiza, akaiwasha. Safari hii pazia liliondoka, ila kila mwimbaji alipopandisha sauti, ilipasuka. Tena ilipasuka kwenye flashi tu. Ukisikiliza WAV la asili kwenye laptop ile ile, kwa mipangilio ile ile, hakuna mpasuko hata kidogo.

Majaribio mawili ya kwanza hayana siri kubwa. La tatu ndilo lenye kazi.

Faili halikuguswa

Kicheza muziki hakiandiki chochote ndani ya faili kinalolicheza. Hulisoma, hugeuza yaliyomo kuwa mfululizo wa namba za sauti, hupitisha namba hizo kwenye madoido, kisha huzikabidhi kwa Windows zipelekwe spikani. Ikwalaiza inafanya kazi katikati ya safari hiyo, na wimbo ukiisha kazi yake imekwisha. Kunakili faili ni kunakili kile kilichopo kabla safari haijaanza.

Jaribio la pili lilishindwa kwa sababu inayokera zaidi. Kwenye foobar2000 madoido ya kusikilizia yanakaa kwenye Preferences, Playback, DSP Manager. Kigeuzi kina orodha yake, peke yake, na kwa kawaida huanza ikiwa tupu. Kuwasha huku si kuwasha kule. Usanifu huu una mantiki, maana aliyewasha madoido ya kusikilizia usiku kwa hedifoni hataki yaingie kimya kimya kwenye nakala zake za kudumu, lakini humnasa karibu kila anayeanza.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza, ukiwa kwenye DSP Manager, hifadhi mlolongo wako kwa jina, tuseme "kaseti Tanga", ili usije ukalazimika kusogeza mikanda 18 kwa mkono mara ya pili. Kisha chagua nyimbo kwenye orodha, bofya kulia, Convert, halafu ile yenye nukta tatu. Dirisha linalofunguka lina sehemu nne: Output format, Destination, Processing na Other. Ingia Processing, ita mlolongo uliouhifadhi, hakikisha ikwalaiza inaonekana upande wa madoido yanayofanya kazi, kisha rudi. Kwenye Destination chagua folda nyingine kabisa, si ile yenye mafaili ya asili, na uchague kila wimbo kuwa faili lake. WAV hutoka bila nyongeza yoyote. MP3 inahitaji kifurushi cha visimbaji kinachopakuliwa kando, la sivyo programu itakuuliza lame.exe, kisimbaji cha MP3, iko wapi.

Kwa nini kisipasuke kompyutani?

Hapa ndipo mwenye kanda alipokwama, na wengi hukimbilia kulaumu flashi au sabufa. Tuanze na hesabu. Kilele cha asili ni -1 dB. Mkanda wa 3.5 kHz umepandishwa 6. Sauti kali ya mwimbaji ikiangukia hapo hapo, kilele kinaweza kufika +5 dB. Sauti ya 16-bit, iwe ya WAV au ile inayotoka sabufa ikifungua MP3, ina paa kwenye 0 dB, na juu ya hapo hakuna namba ya kuandika. Kila wimbi lililovuka linakatwa kichwa, na wimbi lililokatwa kichwa ndilo unalolisikia kama mpasuko.

Sasa, namba zile zile +5 zilikuwepo pia wakati wa kusikiliza. Kwa nini hazikupasuka? Kwa sababu mbili zilizofanya kazi pamoja. Ndani ya foobar2000 sauti husafiri kama namba za desimali, na namba za desimali hazina paa la 0 dB: +5 inapita salama na inaweza kushushwa baadaye bila kudhurika. Halafu slaida ya sauti ya programu ilikuwa kwenye -8 dB, kwa kuwa mtu hasikilizi taarab usiku ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Toa 8 kwenye +5, unabaki na -3. Mpaka sauti inafika kwenye kadi, ilikuwa imesharudi chini ya paa.

Kigeuzi hakiijui slaida hiyo. Slaida ni ya kusikilizia tu, kwa hiyo faili liliandikwa na +5 yake yote, likagonga paa.

Mtu anaweza kusema: basi nipandishe slaida mpaka 0 nisikilize kama inapasuka. Jaribio hilo linadanganya. Sauti ikipita kwenye njia ya pamoja ya Windows, ile ambayo programu zote hushirikiana spika moja, mfumo una limita yake mwishoni inayobana vilele vilivyozidi badala ya kuvikata. Utasikia sauti iliyobanwabanwa kidogo, wala hutasikia mpasuko. Masikio hayafai kwa kipimo hiki, inatakiwa namba.

Namba hupatikana hivi. Chukua upande mmoja tu, ule wenye kelele zaidi, ugeuze kwa mlolongo wako kuwa WAV la 32-bit la desimali. Faili litakuwa zito: upande wa dakika 45 kwa 16-bit ni takriban MB 476, kwa 32-bit ni takriban MB 953. Ni la kupimia, utalifuta. Liingize kwenye orodha, bofya kulia, ReplayGain (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo), lipime. Pamoja na kiwango cha sauti, matokeo yatakuonyesha kilele. Namba 1 ndiyo paa. Kwa kisa hiki ilisoma 1.58, ambayo kwa desibeli ni +4, chini kidogo ya ile +5 ya makadirio. Laiti lingepimwa faili la 16-bit, lingesoma 1 kamili au pungufu kidogo, na usingejua limevuka kwa kiasi gani, kwa sababu kilichozidi kimeshatupwa.

Ukishajua ni +4, dawa ni nyepesi. Rudi kwenye ikwalaiza, shusha mikanda yote 18 kwa 5 dB. Yote, hata ile ya sifuri. Umbo la sauti halibadiliki, kwa sababu tofauti kati ya mkanda na mkanda imebaki vilevile: 3.5 kHz sasa iko +1, iliyokuwa sifuri iko -5, 55 Hz iko -13, 20 kHz iko -17. Ikwalaiza hiyo inafika -20, kwa hiyo nafasi inatosha. Kilele kipya kitakuwa karibu na -1 dB. Usikisogeze juu zaidi ya hapo, maana MP3 inapofunguliwa huweza kutoa vilele vilivyo juu kidogo ya vile vilivyoingia, na hiyo 1 dB ni akiba yake.

Wapo wanaopendekeza kuweka limita mwishoni mwa mlolongo badala ya kushusha. Inafanya kazi. Ila kwa taarab ya kaseti tunaona ni dawa kali kuliko ugonjwa: utepe wenyewe ulishabana vilele wakati wa kurekodi, na ukibana tena ngoma inakuwa bapa. Limita iwekwe kama kamba ya usalama, kwa kilele kimoja kilichopotea, isiwe ndiyo inayofanya kazi muda wote. Wala usihangaike sana na swali la dither, kelele ndogo inayoongezwa makusudi kuficha makosa ya kukadiria namba, unapotoka kwenye desimali kwenda 16-bit. Kelele za kaseti ziko juu mno ya kiwango hicho. Mchirizo wenyewe unaifanya kazi hiyo.

Doido ambalo halikuwa kwenye orodha

Baada ya marekebisho hayo mpasuko uliisha, lakini lalamiko moja likabaki: sehemu za polepole, pale fidla inapocheza peke yake, zilisikika mbali kuliko zilivyokuwa kwenye laptop. Ikwalaiza ni ile ile na kiwango kimepimwa, kwa hiyo kuna kitu kingine.

Kitu hicho kilikuwa nje ya programu. Kwenye sifa za spika ndani ya Windows, draiva za sauti za laptop nyingi huja na nyongeza zao, na moja inaitwa Loudness Equalization. Kazi yake ni kupandisha sehemu za chini na kushusha za juu ili filamu isikike sawasawa. Ilikuwa imewashwa tangu laptop iliponunuliwa. Kwa hiyo alichokuwa akikisikia mwenye kanda ni ikwalaiza yake pamoja na kazi ya draiva, na kigeuzi kinaandika kile tu kinachopita ndani ya foobar2000.

Kwa hiyo mpangilio unatakiwa uanzie mwisho wa njia. Zima nyongeza zote za Windows na draiva kwanza, zima na ile programu ndogo ya besi iliyokuja na laptop kama ipo, ndipo upange ikwalaiza. Kwenye Windows 11 ziko chini ya System, Sound, kisha spika yenyewe, mahali palipoandikwa Audio enhancements. Ukipanga ikwalaiza juu ya doido usilolijua, utajikuta unalirekebisha hilo badala ya kaseti.

Na kuna spika zenyewe. Spika za laptop hazina besi ya maana na mara nyingi hazina nguvu kwenye 3 kHz pia. +6 iliyosikika tamu pale inaweza kuchoma masikio kwenye sabufa yenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya kelele. Andika dakika tatu tu, zile ambazo mwimbaji, ganuni na ngoma vinasikika pamoja, zipeleke kwenye sabufa, sikiliza, rudi urekebishe. Ukiridhika ndipo ugeuze pande 12. Safari tatu za flashi ni nafuu kuliko kugeuza saa tisa za muziki mara tatu.

Vya kutoa kwenye mlolongo

Mlolongo wa kusikilizia mara nyingi una vitu visivyofaa kuandikwa. Skip silence ifutwe: hukata kimya kati ya nyimbo, na kwenye upande mzima wa kaseti inaweza kumeza pumziko la mwimbaji kabla ya kibwagizo. Crossfader nayo itoke, kwa sababu inachanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, jambo lisilo na maana kwenye mafaili yanayosimama peke yake. Mwangwi ukiwepo, kumbuka mkia wake huweza kukatwa pale faili linapoishia. Ongeza sekunde tatu nne za kimya mwishoni mwa faili la asili kabla ya kugeuza.

Kama umeukata upande mmoja kuwa nyimbo kadhaa zinazofuatana bila kimya, tafuta kwenye Processing chaguo la kutoanzisha madoido upya kati ya wimbo na wimbo, uliwashe. Bila hilo unaweza kusikia mshtuko mdogo kwenye maungio.

ReplayGain ipimwe upya kwenye mafaili mapya. Namba za zamani zilihesabiwa kabla ya ikwalaiza, hazina habari na yaliyotokea baadaye.

Na jambo moja ambalo kisa hiki kiliponea chupuchupu: asili ilikuwa WAV. Lau kaseti zingekuwa zimeingizwa moja kwa moja kwa MP3 ya kbps 128, kupandisha 3.5 kHz kungepandisha pia uchafu wa mbano wa kwanza, kisha MP3 ya pili ingeongeza wake. Hakuna mpangilio unaoondoa hilo.

Mwenye Winamp, na mwenye programu isiyo na kigeuzi

Winamp bado imo kwenye kompyuta nyingi za zamani, na njia yake ni tofauti. Hakuna kigeuzi chenye orodha ya madoido. Unachobadilisha ni mdomo wa kutolea sauti. Bonyeza Ctrl na P, nenda Plug-ins, Output, chagua Nullsoft Disk Writer, ingia Configure uchague folda. Ukibonyeza kucheza hutasikia kitu, na saa ya wimbo itakimbia kama imepagawa: sauti inaandikwa kwenye WAV kwa kasi ya kompyuta. Ikwalaiza na doido la DSP vimo ndani. Kabla ya kuanza zima kurudia na kuchanganya nyimbo, la sivyo itaandika bila kukoma. Ukimaliza rudisha mdomo wa kawaida. Wengi husahau, na kesho yake hudhani spika zimekufa.

Tofauti ya maana ni kwamba doido la DSP la Winamp kwa kawaida hupokea sauti kama namba kamili za 16-bit, kwa hiyo paa lipo ndani ya njia yenyewe. Kilichopasuka mapema hakiponi kwa kushushwa mwishoni. Slaida ya PREAMP kwenye ikwalaiza ndiyo ya kushusha kwanza, kwa kiasi kile kile ulichopandisha mkanda wa juu kabisa.

Programu isiyo na njia yoyote kati ya hizi inabaki kurekodiwa inavyocheza. Kwenye Audacity chagua Windows WASAPI, halafu kwenye orodha ya vya kurekodia chagua spika yenye neno loopback. Sauti inanaswa kidijitali kabla ya kufika spikani, bila waya wala maikrofoni. Gharama yake ni muda, maana dakika 45 ni dakika 45, na kila mlio wa ujumbe unaoingia utaingia na kwenye taarab. Slaida ya kicheza muziki safari hii inahesabika, kwa hiyo mpasuko unazuilika kwa kuishusha. Nyongeza za draiva mara nyingine huingia na mara nyingine haziingii, kutegemea draiva imeziweka hatua gani. Jaribu kwa nusu dakika. Tena programu ikinyamaza kabisa, kurekodi huweza kusimama na kimya kikapotea, hivyo usitegemee urefu wa faili kuwa sawa na wa asili.

Kuthibitisha, kisha kupeleka

Kujua kama madoido yameingia kweli, usitegemee kumbukumbu ya sikio. Fungua Audacity, ingiza WAV la asili na WAV jipya, moja chini ya jingine, geuza moja kwa Invert, kisha cheza zote pamoja. Kama kigeuzi hakikupitisha kitu, mawili yanafutana na unasikia kimya kitupu. Ukisikia muziki, madoido yamo. Fanya hivyo kwa WAV, si MP3, kwa sababu MP3 huongezewa kimya kidogo mwanzoni na mafaili hayalingani tena. Ukiwa hapo hapo washa Show Clipping kwenye menyu ya View. Mistari myekundu ikitokea mahali pengi, rudi kwenye ikwalaiza.

Kwa flashi ya sabufa, MP3 ya kbps 192 isiyobadilika inatosha. Ile yenye kasi inayobadilika ni nzuri zaidi kwa ukubwa, lakini sabufa na redio za gari za bei nafuu huonyesha muda usio sahihi nayo na kuruka zikipelekwa mbele. Kila upande utakuwa karibu MB 65, pande zote 12 chini kidogo ya MB 800. Flashi iwe FAT32. Mafaili yaitwe 01A, 01B, 02A na kuendelea, na yanakiliwe moja moja kwa mpangilio huo, maana redio nyingi huyacheza kwa jinsi yalivyoandikwa kwenye flashi na hazitazami jina.